Nimekataliwa kuchangia damu kwa sababu ya lupasi, ukweni wameshahitimisha nina ngoma (VVU)

#1 Mama Kulwa

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nalala nalo siku ya 5 leo, nikaona nililete humu maana nyumbani sina wa kumwambia bila kuanzisha vikao.

Niko Mwanza, Igoma. Wiki iliyopita wifi yangu Neema, mdogo wake mume wangu, alijifungua, kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikamwagika nyingi. Hospitali (siitaji, wala haina umuhimu) wakatuambia akiba imepungua sana, ndugu tujitokeze kuchangia. Wifi ni O chanya. Mimi ni O chanya, na ukoo mzima unajua, kwa sababu kabla sijaugua mimi ndiye nilikuwa namba moja kwenye haya mambo. Kadi yangu ya uchangiaji ina mihuri 6, wa kwanza niligongewa nikiwa kidato cha 6.

Mwaka 2021 nikagundulika nina lupasi. Kwa asiyeijua, ni ile kinga ya mwili kuacha vijidudu na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Kwangu ilianza na vidole kuvimba asubuhi, nywele kukatika, uso kubabuka nikikaa juani. Nilitibiwa malaria na taifodi mpaka nikachoka (watu wa huku tunajuana, kila homa ni malaria na taifodi). Sasa hivi nashukuru niko vizuri, nafanya biashara yangu ya vitenge, nameza haidroksiklorokwini, azathioprini na predinisoloni kidogo.

Basi siku ile nikapewa dodoso. Kuna swali la kama una ugonjwa wa kudumu na kama kuna dawa unatumia kwa muda mrefu. Nilisimama na kalamu kama mtu aliyesahau jina lake. Nyuma yangu yuko mama mkwe, mashemeji wawili, na shangazi yao katoka Magu. Nikaandika ukweli. Dada wa pale akasoma, akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili, halafu kwa sauti ya kusikika koridoni nzima: "Wewe mama hapana, wewe hutakiwi kutoa damu. Kaa pembeni." Kwa nini, hakusema.

Kila mtu mtaani anajua "kaa pembeni" ya mezani pale inatafsiriwaje. Jioni tulipokuwa ukweni nikapewa chai. Nilipomaliza, shangazi akakichukua kikombe changu kwa vidole viwili, akakiosha peke yake, akakiweka peke yake dirishani. Mpaka leo kiko pale.

Mume wangu anajua ugonjwa wangu. Mama mkwe anachojua ni kwamba nina "baridi ya mifupa", basi. Nisaidieni: ni kweli mwenye lupasi hatoi damu au yule dada alijiamulia? Maana nilijisikia mzima kabisa. Ningenyamaza nikatoa ningekuwa nimemkosea nani? Na ukweni naanzia wapi?

#2 Kijiwe Buzuruga

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wajuzi waje.

#3 Sato wa Kukaanga

Pole sana dada. Ila kusema kweli ulijitakia. Ungeandika HAPANA, ungetolewa damu, ungekunywa soda yako na biskuti, mama mkwe angekuita malaika. Damu si inapimwa? Ikiwa mbaya si wataimwaga wenyewe?

#4 Hadubini

Mama Kulwa pole, na hongera kwa kuandika ukweli na mama mkwe yuko mgongoni. Nimefanya kazi maabara na kwenye misafara ya ukusanyaji damu Kanda hii ya Ziwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nimjibu Sato kwanza, maana alichosema ndicho wengi wanaamini.

Damu yako ikitoka inapimwa vitu vinne: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Pia inapimwa kundi. Hakuna kipimo kinachotafuta azathioprini. Hakuna kinachotafuta methotreksati, nayo dawa ya kushusha kinga kama hiyo. Hilo kazi yake anaifanya yule aliyeshika kalamu mbele ya dodoso, na asipoifanya yeye hakuna mwingine wa kuifanya. Sasa jiulize damu hiyo inakwenda kwa nani hapa Mwanza. Inakwenda kwa mtoto wa miaka 2 malaria imemkausha damu. Inakwenda kwa watoto wa selimundu (sikoseli), na huku kwetu wako wengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Inakwenda kwa mama mjamzito au aliyetoka kujifungua. Methotreksati, kwa mfano, inaharibu mimba na inalemaza mtoto tumboni, ndiyo maana anayeitumia anakatazwa hata kushika ujauzito. Lefunomidi, dawa nyingine ya kundi hilo, ndiyo mkaidi zaidi, inaweza kubaki mwilini mpaka miaka 2 baada ya kuacha kumeza. Unataka hiyo iingie kwa mjamzito kupitia mrija eti kwa sababu mtu aliogopa shangazi?

Pili ni wewe mwenyewe. Mfuko ni mililita 450. Ili utolewe unatakiwa uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu usiopungua 12.5. Watu wa lupasi wengi hiyo 12.5 hawaifikii, ugonjwa wenyewe unakula damu, na dawa nazo zinachangia. Hata ukiifikia, kuupa mwili kazi ya kurudisha damu wakati uko vitani na wenyewe kwa wenyewe ni kujitafutia kulazwa.

Tatu ni kingamwili, zile silaha ambazo kinga ya mwili inazitengeneza na kuzimwaga kwenye damu. Lupasi HAIAMBUKIZI, si kwa damu, si kwa kikombe, si kwa kulala kitanda kimoja. Anayepewa damu ya mwenye lupasi hapati lupasi. Ila majimaji ya damu yamebeba zile kingamwili zilizopotoka, zinaingia kwa mgonjwa na kukaa wiki kadhaa. Zile za aina iliyo nyingi zaidi hupungua nusu kila baada ya wiki 3 hivi, mwisho zinaisha. Tunalijua hili kupitia watoto wachanga: baadhi ya akina mama wenye lupasi huzaa mtoto mwenye mabaka usoni, mabaka yanafifia ndani ya miezi kadhaa kadiri kingamwili za mama zinavyoisha. Wachache sana bahati mbaya zinawapiga kwenye mfumo wa umeme wa moyo, na hiyo haifutiki. Kwa hiyo mgonjwa aliyepungukiwa damu, tayari amezidiwa, hatuna sababu ya kumwongezea mzigo wa mtu mwingine.

Kwa ufupi yule dada alikuwa sahihi kwa uamuzi. Kwa namna alivyosema, hapana. Mahojiano ya mchangiaji ni ya faragha, wewe na mnasihi, mlango umefungwa. Anayeahirishwa anaelezwa sababu. Kumtangaza mtu koridoni ni kosa, na ndilo linalowafanya watu waandike HAPANA.

#5 Sato wa Kukaanga

Duh. Hiyo ya mjamzito sikuijua. Nafuta kauli.

#6 Mzee wa Pasiansi

Hizi damu tunatoa bure halafu mgonjwa anaambiwa laki. Mleta uzi shukuru Mungu wamekukataa, ungetajirisha watu.

#7 Hadubini

Mzee shikamoo. Damu haiuzwi, hiyo ndiyo sera. Mtu akikuomba hela ya damu pembeni, huyo ni mwizi kama mwizi mwingine, mdai risiti uone anavyokimbia. Ila hilo fungulia uzi wake, tusimvurugie mama wa watu.

#8 Insulini Kila Siku

Naomba kujibiwa na mimi. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la 5, nipo Sengerema. Nilisoma mahali kwamba hiki nacho ni kinga kushambulia mwili, ilivamia kongosho. Nikienda kuchangia nikasema natumia insulini wananiambia nirudi nyumbani. Binamu yangu yuko Marekani, ana hali kama yangu, anachangia kila akijisikia. Sasa kisukari cha Marekani kina uzuri gani?

#9 Hadubini

Kisukari ni kilekile, kanuni ndizo hazifanani. Marekani mtumia insulini anaruhusiwa kama sukari imetulia na anajisikia vizuri. Uingereza, ambako nako wana hospitali za kutosha, mtumia insulini hachangii. Sisi tumeegemea upande wa tahadhari, kwa kumwogopea mchangiaji sukari isije ikashuka akadondoka njiani kabla hajafika kivukoni. Insulini yenyewe kwenye mfuko haina shida kwa mgonjwa.

Haya magonjwa ya kinga ni ukoo mkubwa, usiyaweke kapu moja. Mwenye vitiligo, yale mabaka meupe ya ngozi, asiye na dawa ya kushusha kinga, kwa kawaida hana tatizo. Mwenye tezi ya shingo iliyotulia anatazamwa yeye na dawa zake. Baridi yabisi inategemea unameza nini: anayemeza methotreksati hapana. Lupasi inayogusa viungo vingi kwa mpigo iko upande wa kutotoa. Ndiyo maana nasema sema ugonjwa, taja dawa, uamuzi waachie wao.

#10 Kivuko cha Kamanga

Kwa kuwa tumefika hapo: kaka yangu anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, figo zote zimechoka. Madaktari wanazungumzia kupandikiza. Tuko watatu tunaoweza kupimwa. Dada mkubwa ana lupasi kama Mama Kulwa. Dada wa pili ana tezi ya shingo iliyolala, anameza tairoksini kila asubuhi. Mimi presha. Dada mkubwa analia anataka atoe yeye, anasema yeye tayari ni mgonjwa, hana cha kupoteza.

#11 Sista wa Zamu

Kivuko, pole mno. Nimehudumia wagonjwa wa figo, nitasema ninayoyajua na mengine utaulizia kliniki.

Mwambie dada yako mkubwa anacho cha kupoteza, tena ni hizo hizo figo. Lupasi inapenda figo. Karibu nusu ya wenye lupasi hufika mahali ikawagusa figo, wengine baada ya miaka kadhaa ya utulivu. Anayebaki na figo moja halafu lupasi ikaamka ikaipata hiyo moja, mtakuwa mmebadilisha mgonjwa, hamjapunguza. Hakuna timu ya upandikizaji itakayomkubali, na wakimkataa asione kama wamemdharau.

Wa pili, tezi iliyolala na kutibiwa vizuri haimwondoi moja kwa moja. Atapimwa kuanzia kichwani mpaka kidoleni: figo zenyewe, sukari, presha, mkojo, moyo, kisha ulinganifu. Wewe na presha yako kuna vigezo, inategemea umri, unatumia dawa ngapi na kama imeshagusa viungo. Usijiondoe mwenyewe kabla hujapimwa.

Safari zenyewe siku hizi si lazima India. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, mtoaji akiwa ndugu aliye hai. Kitu kimoja cha mwisho ambacho wengi hatuambiwi: mgonjwa anayesubiri figo aongezewe damu pale tu inapobidi kabisa. Kila mfuko wa damu ya mtu mwingine unaweza kuufundisha mwili wake kukataa viungo vya wengine, na hapo kumpata wa kulingana naye kunakuwa kazi.

#12 Kivuko cha Kamanga

Sista ubarikiwe. Nimemsomea dada mkubwa kwa simu. Amenyamaza, halafu kauliza "kwa hiyo hata kufa nikamwachia haiwezekani?" Nikakosa jibu.

#13 Sista wa Zamu

Mwambie kaka anamhitaji akiwa hai, akae naye siku za kusafishwa. Yale masaa manne kwenye mashine ni marefu. Ndugu wengi huja wiki mbili za kwanza, halafu wanapotea.

#14 Ng'wana Magu

Mama Kulwa, mwangaluka. Mimi si daktari, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ukweni usiwaanzie na kingamwili, watalala. Waambie habari ya sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini. Kila Msukuma wa umri wa mama mkwe wako anaikumbuka miaka ya 80. Mwili una sungusungu wake, kazi yao kukamata wezi. Kwako sungusungu wamechanganyikiwa, wanamkamata mwenye nyumba, wanampiga yeye. Hakuna mwizi. VVU ni hadithi ya kinyume chake, ni mwizi aliyeingia kijijini akawaua sungusungu. Wakiielewa hapo umemaliza.

#15 Kijiwe Buzuruga

Mwalimu kula tano. Nimesitisha karanga kidogo.

#16 Mama Kulwa

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Hadubini asante, ile ya mtoto wa miaka 2 imenikaa. Siku ile nilijiona mchoyo. Unajua ukiwa umezoea kuwa mtoaji, kukaa benchi la pembeni ukaangalia wenzako wanafungwa mpira mkononi, ni kitu kibaya sana. Hata bila shangazi.

Ng'wana Magu, nimeichukua sungusungu yako. Jumapili mume wangu ataita watu. Nitaleta mrejesho.

#17 Msomaji Kimya Nyamanoro

Mie nasoma tu. Nina lupasi miaka 9. Nilichangia damu mara mbili nikificha. Sikujua. Leo ndio najua.

#18 Hadubini

Msomaji, usijiadhibu, hukujua na hakuna aliyekuuliza ukaelewa swali. Kwenye kliniki yako waambie, wataliweka kwenye jalada. Na kuanzia sasa unaweza kuwa mtu wa kuleta watu. Nazungumza kwa uzoefu: wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi, shule zikifungwa Desemba na Juni majokofu yanabaki na taa tu. Chembe nyekundu zinakaa siku 35 mpaka 42 kwenye jokofu, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 tu, kwa hiyo huwezi kukusanya mwezi wa 10 ukala mpaka Pasaka. Mtu mmoja anayeweza kuwashawishi wavuvi kumi wa Mwaloni kuja kituoni ananisaidia kuliko mfuko wake mmoja. Mwanaume mzima anaweza kurudi kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Na aliye kundi lolote aje, anarudisha kwenye akiba, si lazima alingane na mgonjwa wake.

#19 Sato wa Kukaanga

Mimi niko Mwaloni kila siku, nina kilo 81. Naogopa sindano kuliko mamba. Nikizimia mtanibeba?

#20 Hadubini

Tunabeba. Kula kwanza, kunywa maji mengi, usije na njaa ya kujifanya kidume. Wanaozimia wengi ni wale waliokuja bila kula.

#21 Mama Kulwa

Mrejesho kama nilivyoahidi.

Tumekaa jana baada ya ibada, sebuleni kwa mama mkwe, Buhongwa. Nimeenda na jalada langu la kliniki, mfuko wa dawa, na majibu ya VVU ya kliniki ya mwezi uliopita, maana nilijua bila karatasi hakuna atakayesikia. Karatasi ilizunguka mkono kwa mkono. Shangazi aliishika muda mrefu kuliko wote, na miwani hana.

Kisha nikawapa sungusungu. Wakuu, sikuamini. Mama mkwe alikaa sawa kwenye kochi. Kumbe marehemu baba yake alikuwa kamanda wa sungusungu huko kwao. Akauliza: "Kwa hiyo hizi dawa ndizo zinawanyang'anya marungu?" Nikasema ndiyo mama. Akafikiri. "Na wezi wa kweli wakija je?" Nikasema hapo ndipo pagumu, mafua ya mtu mwingine mimi yananilaza. Akafikiri tena, halafu mwenyewe, bila mimi kusema neno, akawageukia mashemeji: "Basi ndiyo maana wamemkataa. Angempa Neema damu angempelekea sungusungu wa kijiji kingine, hawamjui mtu hata mmoja pale." Hadubini, umeandika aya tatu, mama mkwe kamaliza kwa sentensi moja.

Baada ya hapo akanigombeza dakika 20 kwa nini nilimwambia baridi ya mifupa. Nilistahili.

Wifi ameruhusiwa, yeye na mtoto wazima. Alipata uniti 3. Mbili shemeji zangu wamesharudisha. Ya tatu leo asubuhi amekwenda mama mkwe mwenyewe, miaka 54, hajawahi kuchangia maishani. Nilimsindikiza nikakaa palepale benchi la pembeni. Kilo zikatosha, wingi wa damu 13.1, na akakataa biskuti akaomba kama wana uji. Yule dada wa siku ile hakuwepo. Aliyekuwepo alimwita chumbani, akafunga mlango.

Kuhusu kikombe: bado kiko dirishani, peke yake. Nilipokunywa chai jana nikaletewa kilekile. Nikamtazama mama mkwe, akanisogelea akaninong'oneza kwamba hicho sasa ni changu na mtu asikiguse, maana humu ndani watoto wana mafua na mimi sungusungu wangu hawana marungu.